Sakafu ya Karanga, Udongo wa Ruangwa

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zimekwisha kuzikatakata barabara za kusini mwa Tanzania, nilikuwa kidato cha pili Nachingwea, nami nilikuwa na raketi ya tenisi. Ilikuwa ya mbao na nyuzi zake zilikatika zamani. Mwalimu wetu wa michezo aliisuka upya kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, alioagiza Lindi. Jioni tatu mfululizo alikaa barazani kwake akipitisha uzi tundu kwa tundu, akiukaza kwa koleo, kisha akiugonga kwa ukucha na kutega sikio. Uzi ukitoa sauti ya kufa, aliufungua na kuanza tena.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji iliyoachwa na Mradi wa Karanga. Mwenyeji wa Nachingwea haelezwi mradi huo, lakini msomaji wa mbali na ajue: Waingereza waliuanza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na kwetu, na mwezi Januari 1951 serikali yao ikakiri kuwa umeshindikana, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli waliyoileta kutoka pwani ilifungwa mwaka 1962. Mashamba waliyoyapa namba yalibaki na namba zake. Farm 17 ndipo wapiganaji wa FRELIMO, chini ya Samora Machel, walipofanyia mafunzo kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Sisi watoto wa shule tulirithi sakafu. Wazee walituambia ilikuwa karakana ya matrekta, na madoa meusi ya oili yalikuwa bado yanaonekana. Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Sakafu yetu haikufika huko, tukasogeza mistari ndani, tukaichora kwa chokaa, na wavu tukashona kutokana na nyavu kuukuu za wavuvi.

Pale mpira ulidunda chini na kukimbia. Nilijifunza kuupiga mapema, magoti yamekunjwa, kabla haujanipita.

Mwezi Juni timu zetu za soka na netiboli zilikwenda wilaya jirani ya Ruangwa kwa mechi za kirafiki. Tenisi haikuwamo kwenye ratiba. Mwalimu wetu alikuwa amesikia kwamba mwenzake wa Ruangwa naye anafundisha vijana wake, wakaandikiana barua, nikapandishwa lori pamoja na raketi yangu ndani ya mfuko wa sulfeti. Barabara ilikuwa makorongo matupu. Tulishuka mara mbili kusukuma, na tulipofika tulikuwa wekundu kuanzia nywele hadi nyayo.

Ruangwa hawakuwa na saruji. Walichukua udongo wa kichuguu, wakauponda, wakaumwagia maji na kuushindilia siku kadhaa hadi ukawa mgumu na laini kama sakafu ya nyumba ya bibi. Mistari ilikuwa ya majivu. Baadaye sana, nilipoona kwenye televisheni mashindano makubwa ya Ufaransa yakichezwa juu ya vumbi jekundu, nilishtuka: ule ulikuwa uwanja wa Ruangwa, tofauti ni majukwaa tu.

Mpinzani wangu alikuwa msichana wa rika langu, peku, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Tulisalimiana, tukapeana mipira tuichague. Yote ilikuwa imenyonyoka manyoya. Mwalimu wao alipanda juu ya dawati lililowekwa juu ya meza, akaanza kuhesabu kwa sauti: kumi na tano kwa sifuri, thelathini kwa sifuri.

Seti ya kwanza alinifunga sita kwa mbili. Kwenye udongo mpira hupunguza mwendo, kisha huinuka hadi begani. Mimi nilikuwa nimekwisha kurusha mkono wakati mpira bado unapanda. Yeye alingoja. Alirudi nyuma hatua mbili, akauacha ufike juu kabisa, akauteremsha kwenye kona ambayo mimi sipo. Mwalimu wangu aliniita pembeni, akaniambia maneno machache: "Mwanangu, hapa siyo nyumbani. Ungoje ukujie." Nikajitahidi kungoja. Seti ya pili nikaichukua sita kwa nne, na wale waliokuwa wakitazama netiboli wakaanza kuhamia kwetu mmoja mmoja, hadi uwanja ukazungukwa.

Baada ya hapo dereva akapiga honi. Makorongo yale yalikuwa hayapitiki usiku. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mizizi ya ming'oko ya kuchemsha alitufungia fungu moja kwenye jani, akatuambia tugawane. Tuligawana tumesimama kando ya lori, mimi na yule binti, bila kuzungumza sana.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za michezo ya nchi ndogo za Ulaya, iliyoanza San Marino mwaka 1985. Huingia nchi zenye watu wasiofika milioni moja, na tenisi ni mmoja wa michezo yake. Nikatafuta hesabu zetu. Katika sensa ya mwaka 2012 Ruangwa ilikuwa na watu 131,080, Nachingwea 178,464. Ruangwa peke yake iliwazidi watu wa Monaco, San Marino na Liechtenstein wakijumlishwa. Nchi hizo zilitafutana zenyewe kwa zenyewe, na mtoto wa San Marino sasa ana mtu wa kupimana naye. Walimu wetu wawili walifanya jambo lilelile kwa barua na lori bovu, na naamini kwa moyo wote kwamba walikuwa sahihi. Kijana wa wilayani hajui kama anacheza vizuri mpaka akutane na kijana wa wilaya jirani.

Ruangwa sasa ina Uwanja wa Majaliwa, na timu yake ya soka, Namungo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Nafurahi. Lakini udongo wa vichuguu bado upo bure, na nawaomba walimu wa michezo wa wilaya hizi mbili waandikiane tena.

Nawe dada wa mkono wa kushoto, kama unasoma haya: ile seti ya tatu hatujaicheza.