Chumba cha Mama

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Usemi huo nimewakariria wanangu mara nyingi, lakini mwenyewe niliuelewa barabara mwezi wa Julai, nilipokuwa nikiongeza chumba katika nyumba yetu hapa Njombe.

Ndugu msomaji, mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni haba, na ndiyo maana wengi wetu hujenga wakati huo. Lakini baridi yake haina mzaha: ziko alfajiri ambapo majani huwa meupe kwa jalidi.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini Makete. Baada ya miaka miwili magoti yake hayakumruhusu tena kuteka maji. Mimi na mke wangu tukaamua aje akae nasi. Tulikuwa na vyumba viwili na watoto wanne. Hapakuwa na budi kuongeza cha tatu.

Kazi ilianza vizuri. Msingi ulichimbwa, na kuta za tofali za kuchoma zikafikia usawa wa lenta katika majuma matatu. Shemeji yangu, fundi aliyezoea kujenga Dar es Salaam, alimaliza kumwaga zege la lenta jua likiwa limekwisha kuzama. Usiku ule jalidi ilianguka. Siku ya saba nikamhimiza aondoe mbao na mirunda, kwa kuwa mama alikwisha wasili na alikuwa akibanana na wajukuu. Shemeji alisita, mimi nikashikilia. Mbao zilipotoka, tuliona ufa mpana juu ya dirisha, na kingo za zege zikamomonyoka mkononi kama mkate mkavu. Mifuko minne ya saruji, akiba ya miezi kadhaa, ilikuwa imepotea.

Ndipo nilipojua kwamba baridi huichelewesha saruji kukomaa, na kwamba maji yakiganda ndani ya zege changa hutanuka na kulidhoofisha.

Usiku huo chakula hakikunipita kooni. Nikamwomba mama radhi kwa kumchelewesha. Akanitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, nani alikwambia nina haraka? Miaka miwili nimelala peke yangu. Hawa watoto wananipa joto." Kisha akaongeza: "Miche bustanini huifunika kwa nyasi jioni, ukaifunua jua likipanda. Hilo zege lenu nalo si changa?"

Tulibomoa lenta, tukaanza upya. Safari hii zege lilimwagwa saa nne asubuhi. Jioni tulilifunika kwa magunia na nyasi kavu, mama akiwaelekeza wajukuu wapi pa kuongeza. Mirunda tuliiacha majuma matatu kamili. Lenta ilisimama imara, kenchi zikapanda, mabati yakapigiliwa. Mama aliingia chumbani mwake kabla ya mvua za Novemba, akiwa na mjukuu mmoja aliyekataa katakata kulala kwingine.

Hasara ya saruji nimekwisha isahau. Kinachonirudia moyoni ni kwamba nilikuwa nikimjengea mama kwa pupa, na siku zote hizo sikuwa nimemwuliza neno. Wewe unayemjengea mzazi wako, keti naye kwanza. Huenda anachokihitaji amekwisha kipata, na maarifa unayoyatafuta anayo yeye.