Nilipoanza Kuuza Hadithi Kutoka Magamba

Miaka ya tisini, sisi tuliokuwa tukiandika hadithi huku Magamba hatukujua mkataba una sura gani. Unaandika kwa mkono, unateremka Lushoto kupigiwa chapa, bahasha inapanda basi, inapita Soni na Mombo hadi Dar es Salaam. Hadithi ikitoka gazetini, nakala ile ile inazunguka kijiji kizima. Malipo yalikuwa kuliona jina lako. Ukibahatika, na vijisenti. Nani anaimiliki hadithi baada ya hapo? Hilo halikuulizwa.

Miaka ilipita, nikaisikia hadithi yangu moja ikisomwa redioni. Jina langu walilitaja, senti sikuiona. Nilimsimulia baba mdogo, ambaye kila msimu huwauzia wachuuzi mapeasi yakiwa bado mtini. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe uliwauzia matunda au mti?"

Swali lile lilinituma kuitafuta sheria. Kumbe Tanzania ilikwishajiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999. Hadithi inalindwa tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi wa kusimama nao ukidhulumiwa. Na haki yenyewe inagawanyika: kuchapisha, kutafsiri, kutangaza redioni, kutengeneza filamu. Kila moja yaweza kuuzwa peke yake, kwa mtu wake na kwa bei yake.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa mkusanyiko wa hadithi fupi. Ukurasa mmoja tu. Kifungu cha tatu kilinitaka nikabidhi haki zote, kwa lugha zote, kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, na malipo ni ya mara moja. Nilikaa na karatasi ile barazani mpaka ukungu wa msituni ukashuka. Kesho yake nikampigia mhariri. Tukakubaliana achukue haki ya kuchapisha kwa Kiswahili, katika kitabu cha karatasi, kwa miaka mitano. Tafsiri, redio na filamu zikabaki kwangu. Kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni, tutakaa upya kuzungumza mrabaha. Hakukasirika hata kidogo. Alisema waandishi wengi husaini bila kuuliza.

Hilo la shule si dogo. Tumbo Lisiloshiba, mkusanyiko uliotolewa na Longhorn mwaka 2016, ulitahiniwa Kenya nzima katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa miaka kadhaa. Hadithi ya kurasa chache yaweza kusomwa na malaki ya wanafunzi. Kumlipa mwandishi wake mara moja na kuchukua haki zote ni dhuluma, hata kama saini ni yake.

Siku hizi vijana huniletea mikataba kwenye simu. Ndani yake mna vitabu vya kusikiliza, programu za kusomea hadithi, hata akili mnemba. Nafurahi kuona wanauliza kabla ya kusaini.

Kwetu hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na warithi wake wanaweza kuidai. Shaaban Robert wa Tanga alifariki mwaka 1962; ulinzi wa kazi zake kwa sheria yetu ulikoma mwisho wa 2012. Basi ndugu mwandishi, mkataba wako uhifadhi pamoja na hati ya shamba, na wanao uwaonyeshe ulipo.