Chuo Kimekufa, Ugomvi Wake Ungalipo

Asheville, North Carolina

Mjomba wangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza mtu mzima anapata nini kwa kutumia siku yake ya mapumziko kusoma makaratasi ya chuo kilichofungwa kabla hajazaliwa, tena chuo ambacho hakusoma yeye wala ndugu yake yeyote. Laini ikakatika kabla sijajibu. Kwa kuwa mhariri ana moyo wa kunipa ukurasa huu, nakujibu hapa hapa, na wengine wasikie.

Chuo chenyewe kiliitwa Black Mountain College. Kilikuwa katika bonde la Mto Swannanoa, si mbali na hapa ninapoishi. Kilizaliwa na ugomvi. Mwaka 1933 mwalimu mmoja mwenye ulimi mkali, John Andrew Rice, alifukuzwa Rollins College kule Florida. Wenzake kadhaa wakaondoka naye, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa hiari, wakaja huku milimani na wanafunzi wachache, wakakodi majumba ya YMCA. Majumba hayo wenyewe waliyataka kila kiangazi, kwa hiyo kila mwaka chuo kizima kilifungasha vitu vyake, kikapisha, kikarudi msimu ulipokwisha. Mpaka 1941 walipohamia kwenye ardhi yao kando ya ziwa dogo liitwalo Lake Eden, ambako walimu na wanafunzi walijijengea jengo la masomo kwa mikono yao. Jengo hilo lipo hadi leo, ndani ya kambi ya vijana.

Hakukuwa na bodi ya wadhamini juu ya walimu; walimu ndio waliokuwa wenye chuo, na mwanafunzi alikuwa na kiti chake barazani. Hapakuwa na somo la lazima. Mwanafunzi alitahiniwa alipojiona yuko tayari, na mtahini akaletwa kutoka nje. Saa nyingine watu walikuwa shambani au jikoni. Katika miaka 24 wanafunzi kama 1,200 walipita pale, na waliohitimu rasmi hawakufika hata 100. Ithibati chuo hakikuipata kamwe. Najua wewe, uliyenitandika kwa kupata alama ya C ya hesabu, ungekiita kijiwe. Lakini kijiwe hicho kilifundishwa uchoraji na Josef Albers na ufumaji na mkewe Anni, waliokuja kutoka Ujerumani baada ya shule ya Bauhaus kufungwa. Ruth Asawa, msanii Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyekuwa amefungiwa kambini wakati wa vita kwa sababu ya asili yake tu, alisoma hapo. Mchoraji Robert Rauschenberg pia.

Pesa ndizo zilizokiua. Mshairi Charles Olson, mkuu wa mwisho, alikifunga katika mwaka wa masomo wa 1956 hadi 1957, akabaki kuuza mali na kulipa madeni.

Hapo ndipo panaponivutia mimi. Chuo kikifa, karatasi zake kwa kawaida hufuata njia mbili. Rekodi za wanafunzi, yaani nani alisoma nini na akapata nini, hukabidhiwa idara ya serikali ya jimbo au chuo kingine, maana mtu anaweza kuzihitaji miaka arobaini baadaye akitafuta kazi. Zilizobaki, kama barua, kumbukumbu za vikao na hesabu za shamba, hazina mwenyewe. Hizo ndizo hutupwa. Za Black Mountain hazikutupwa. Zilichukuliwa na hifadhi ya nyaraka ya jimbo kule Raleigh, na 2012, tawi la magharibi la hifadhi hiyo lilipofunguliwa hapa Asheville, zikarudishwa karibu na nyumbani kwao.

Ukifika unaacha mkoba na kalamu ya wino nje. Penseli tu, na daftari au kompyuta. Unaletewa sanduku moja la kijivu, ndani yake majalada yaliyosimama kwa mpangilio, na unaruhusiwa kutoa jalada moja kwa wakati, ili karatasi zisichanganyike. Unafungua. Karatasi nyembamba za taipureta, zile nakala za kaboni za zamani ambazo herufi zake zimefifia kuwa zambarau, kingo zimekauka na zinataka kumeguka. Unazigeuza kwa vidole viwili, polepole, na mtumishi wa pale anakutazama kwa adabu lakini anakutazama.

Humo hakuna fahari. Mna fedha: nani kalipa ada, nani kapunguziwa, duka gani linadai. Mna shamba. Mna vikao, na vikao, na vikao. Watu waliokimbia amri za wakuu walijikuta wakiamua kila jambo kwa mazungumzo, na mazungumzo hayana kwaheri.

Sasa tazama kichekesho. Kiangazi cha 1952, katika ukumbi wa kulia chakula, mtunzi wa muziki John Cage aliandaa tukio ambalo leo linafundishwa katika vyuo vya sanaa duniani kote. Merce Cunningham alicheza dansi, mashairi yakasomwa, piano ikapigwa, michoro myeupe ya Rauschenberg ikaning'inizwa juu, yote kwa wakati mmoja. Waliokuwepo walipohojiwa miaka mingi baadaye, kila mmoja alikuwa na yake. Nani alipanda ngazi? Viti vilipangwaje? Yule mbwa aliyemfuata Cunningham akicheza, alikuwa sehemu ya onyesho au alijiingilia tu? Ushahidi wa maandishi ni haba mno. Usiku ule haukuwa na katibu. Madeni ya duka yalikuwa naye.

Lakini jalada lililonikalisha mpaka wakafunga ni la mwaka 1944.

Huu ni Kusini mwa Marekani, Mjomba. Wakati huo sheria za ubaguzi zilikuwa kamili: shule mbali, mabehewa mbali, bomba la maji mbali. Walimu wa Black Mountain, watu wa maendeleo, wengi wao wakimbizi waliofukuzwa na Hitler, walikaa kujadili kama wampokee mwanafunzi mweusi. Wakabishana vikali. Sikumwona humo aliyesema mtu mweusi hastahili. Wengi walikubali haki. Walichobishania ni saa. Je, majirani watachoma majengo? Je, jimbo litatufunga? Si afadhali tungoje vita viishe? Mwishowe wakakata shauri la katikati: mwanamke mmoja, kwa kiangazi, kwenye taasisi ya muziki. Ndipo Alma Stone, aliyehitimu Spelman College kule Atlanta, akaingia, miaka kumi kabla ya Mahakama ya Juu ya nchi kuharamisha ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954. Majengo hayakuchomwa. Mwaka uliofuata wakamwalika mwimbaji Roland Hayes. Mwaka 1946 wakamwita mchoraji Jacob Lawrence kufundisha, na husimuliwa kwamba Albers alikodi behewa zima ili Lawrence na mkewe wasihamishiwe behewa la weusi treni ilipoingia Kusini. Hata hivyo wawili hao walikaa chuoni kiangazi chote, Asheville hawakukanyaga. Mji huu huu ninamonunua mkate wangu.

Mimi nimeishi huku muda wa kutosha kuijua ile sentensi ya "tuko pamoja nawe, ila si sasa". Nimeambiwa kazini, nimeambiwa na mwenye nyumba, kila mara na mtu mwenye tabasamu. Kuiona imepigwa taipu, na majina ya watu ninaowaheshimu pembeni yake, kulinifunza kuliko hotuba zote za mwezi wa Februari, ambao huku huuita mwezi wa historia ya weusi. Na haikuishia hapo. Mwaka huohuo chuo kilipasuka kwa mvutano mwingine, na mwalimu Eric Bentley akaondoka na wenzake.

Chuo kingeweza kabisa kusafisha jalada hilo. Olson alikuwa na jiko la kuni na majira mazima ya baridi. Kama lingechomwa, leo tungeambiwa tu kwamba Black Mountain kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kuvunja ubaguzi katika eneo hili, na watu wangepiga makofi. Ni kweli, lakini ni nusu yake. Nusu nyingine ni woga wa watu wema, na huo hauwekwi kwenye bango la ukumbusho kando ya barabara.

Maji nayo huua kumbukumbu: Septemba 2024 Kimbunga Helene kilipopita, Mto Swannanoa uliingia majumbani na kuondoka na kila kitu. Nilisaidia familia moja kuanika picha kwenye kamba ya nguo. Nyingi zilikuwa zimegandana na hazikubandukana tena. Tangu hapo nina neno na wewe.

Ulisoma MIOME, ile taasisi ambayo baadaye ikawa Mombasa Polytechnic na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Jina limebadilika mara kadhaa na wenzako wanazidi kupungua. Ulikuwa katibu wa timu ya kandanda, na lile daftari lenye jalada gumu unalo, nimeliona. Najua mnapotaka kupunguza vitu ndani, karatasi huenda kwa yule mama wa karanga azifungie karanga zake. Daftari hilo lisiende. Mpe mmoja wa hapo nyumbani alipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha ukijaliwa kufika Nairobi ulipeleke Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, waulize wanapokeaje. Na kumbukumbu za kile kikao cha jezi mlichotupiana viti, zilizomo humo, usizichane hata kidogo.

Msalimie shangazi. Ukiandika uniambie: kura ya jezi ilipopigwa, wewe uliunga mkono upande gani?

Mpwa wako wa ughaibuni