Chai ya Kigongo Baada ya Foleni



Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa rasmi daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, linalounganisha Kigongo kwa upande wa Misungwi na Busisi kwa upande wa Sengerema. Kabla ya siku hiyo, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alipofika kwenye Ghuba ya Mwanza alipanga foleni kukisubiri kivuko, na wako waliosubiri saa mbili au zaidi. Leo mtu huvuka kwa dakika chache bila kushuka garini. Ni neema kubwa, wala hakuna mwenye akili timamu atakayetamani yale ya zamani yarudi. Hata hivyo, juma hili tungependa kutafakari jambo dogo lililoondoka pamoja na foleni ile.

Waliopita Kigongo miaka hiyo wanakumbuka. Gari likisimama, abiria walishuka, wakanyoosha miguu, wakatafuta chai. Palikuwa na vibanda vya maandazi, mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga. Mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Geita aliketi benchi moja na mkulima wa mihogo, mwanafunzi akampisha bibi, na wote wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Hakuna aliyechagua jirani yake. Foleni ndiyo iliyowachagulia.

Jumamosi iliyopita tulikwenda huko tukiwa wanne: mwalimu mstaafu, muuguzi, katekista na mwandishi wa mistari hii. Tulifuata njia ya Usagara hadi karibu na Kigongo, tukamtafuta mama mmoja ambaye zamani aliuza chai karibu na kivuko. Sasa amehamia kando ya barabara, chini ya mwembe. Banda lake ni la nyasi, halina kuta. Ndani mna mabenchi mawili na meza iliyotandikwa kitambaa cha maua. Kati ya miamba unaliona ziwa, na upepo wake unapita mpaka ndani ya kikombe. Alitupokea kwa salamu ya Kisukuma, “Mwangaluka,” kisha akatumiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akatuwekea maandazi na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani. Majani ya chai hutoka mbali, nyanda za juu kusini. Maziwa ni ya ng'ombe wa jirani.

Mwalimu alipomaliza kikombe cha kwanza, alisema kwamba daraja limetunyang'anya mazungumzo. Muuguzi aliweka kikombe chake mezani. “Mwalimu,” akasema, “wewe ulingoja ukiwa na gazeti. Mimi nilingoja nikiwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, nikiyatazama maji na kuhesabu dakika. Usiililie foleni mbele yangu.” Tulinyamaza. Alikuwa na haki, na mwalimu alikiri hivyo.

Ndipo mama mwenye banda alipotusaidia. “Mimi sililaumu daraja,” alisema. “Binti yangu anasoma ng'ambo, siku hizi anakuja kuniona na kurudi siku hiyo hiyo. Nimefurahi. Lakini, Padri, sufuria haichemki kwa furaha. Zamani nilijua majina ya wateja wangu. Sasa najua rangi za magari yao.” Alitueleza kwamba chai yake anaiuza kwa shilingi 500, kwamba siku nyingine huuza vikombe visivyofika kumi, na kwamba ada ya binti yake ya muhula ujao bado hajaipata yote. Hakuomba kitu. Aliendelea kufuta meza.

Wapendwa, mwambao huu unajua kungoja. Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Kageye kwenda Buganda, na wenzao watatu wakabaki ufuoni wakingoja kwa miezi. Kungoja kwa aina hiyo, kama kule kwa muuguzi wetu, ni mzigo, na anayemwondolea mwenzake mzigo huo anafanya kazi njema. Lakini ndani ya mzigo ule tulikuwa tukipata kitu bila kukilipia: nafasi ya kumtazama mtu usoni na kumuuliza jina. Zamani foleni ilitusimamisha kwa nguvu. Sasa lazima tusimame kwa hiari, na hiari ni ngumu kuliko nguvu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyo hawezi kumponya mwenyeji akipita kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Dakika zile tulizookolewa na daraja ni zetu sasa, nasi ndio tutakaoulizwa tumezitumiaje. Muuguzi, ambaye hakutaka kusikia foleni ikisifiwa, ndiye aliyeagiza kikombe cha pili kwa wote, kisha akaketi karibu na mama yule na kumuuliza binti yake anataka kusomea nini. Alijibiwa: uuguzi. Tuliwaacha wakizungumza kwa muda mrefu, nasi hatukutazama saa.

Basi, mtakapopita Kigongo katika safari zenu za juma hili, kwenda msibani, harusini au sokoni, pangeni mapema nusu saa ya kusimama. Ageni chai na kunywea hapo hapo, mkiwa mmeketi. Na kabla ya kuondoka, muulizeni aliyewamiminia jina lake.

Tunawatakia juma jema na safari salama.