Glavu za Theluji Juu ya Nyiragongo



Hapa Goma hakuna mtu anayeteleza juu ya theluji. Hata hivyo ukipita soko la Virunga asubuhi wakati robota la mitumba linafunguliwa, au ukiingia katika vichochoro vya Birere, utaziona: glavu nene, za rangi kali, zenye shingo ndefu ya kufunika kifundo cha mkono. Zilivaliwa na watoto wa Ulaya kwenye milima yao, zikawa ndogo kwao, zikafungwa katika robota pamoja na makoti na suruali, zikavuka bahari. Wauzaji huziweka pembeni, kwa sababu wanunuzi ni wachache. Motari wanazichukua, na zamani wale waliokuwa wakipanda Nyiragongo.

Sisi tulizijua kwa sababu ya mlima. Mwaka 2019, mlima ulipofunguliwa tena kwa wageni, walimu na wamama wachache tulipanga kuwapandisha vijana wetu wa sekondari. Mtoto wa Goma wakati ule aliliona lile moshi mchana na mwanga mwekundu usiku, alikuwa na shangazi aliyepoteza nyumba katika lava ya 17 Januari 2002, lakini mdomo wa volkeno hakuwa ameuona. Watu walikuwa wakitoka Ubelgiji na Marekani kuuona, na sisi tulikuwa tukiuacha nyuma ya nyumba. Basi tukaanza kuweka franka pembeni.

Swali la kwanza la wamama lilikuwa viatu. La pili chakula. La mikono halikuulizwa na mtu, mpaka mlinzi mmoja wa mbuga alipotuambia: huko juu mikono ndiyo inayolia kwanza.

Hesabu yake tuliwafanyia wanafunzi ubaoni. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Kilele cha Nyiragongo ni mita 3,470. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo usiku ambao hapa mjini una digrii 15 na unatafuta shuka la pili, kule juu zinabaki digrii 3 tu, na upepo bado hujauhesabu. Vijana walicheka, wakasema lakini mle ndani kuna moto! Moto ulikuwepo, ila ulikuwa chini sana, mamia ya mita ndani ya shimo. Ukingoni, mahali mtu anaposimama, upepo unapita bila kizuizi.

Tukarudi sokoni tukiwa na macho mengine. Glavu za sufu ndizo zilizokuwa nyingi, zile nyembamba zinazonyooka zikienea kila mkono. Tuliziuziwa franka 1,000. Zile za theluji zilianza 4,000, na nzuri zaidi muuzaji alitaka dola 5. Kwa mama mwenye vijana watatu, dola 15 za mikono peke yake ni mzigo, tena ni karibu na pesa ya shule. Ndiyo maana tulijifunza kuchagua, na tulichojifunza ni hiki.

Usidanganywe na unene. Kuna glavu nene ambazo ndani ni sponji tupu. Zikinywa maji zinakuwa kama kitambaa cha kupangusia nyumba. Ingiza mkono, kisha uutoe haraka. Kama kitambaa cha ndani kinatoka pamoja na vidole, iache, hata kama inang'aa. Mtoto mwenye mkono uliolowa hawezi kukirudisha gizani. Halafu puliza ndani, ufunge shingo yake kwa mkono, uibane kama puto. Pakitoka upepo kwenye mshono, maji nayo yatapita hapo.

Kipimo nacho wengi tunakikosea kwa vijana, maana tunanunua kubwa ili ikae miaka. Glavu kubwa mno haitunzi joto, na mtoto hawezi kushika tochi. Ndogo mno ni mbaya zaidi, kwani inabana damu isifike kwenye vidole. Acha nafasi ndogo tu kwenye ncha. Na ukipata ile isiyo na vidole, yenye mfuko mmoja na dole gumba peke yake, usiidharau. Vidole vinapokaa pamoja vinapeana joto. Vijana watasema ni ya watoto wachanga, waache waseme.

Kwa wale ambao pesa haikutosha, mama mmoja anayefuma sweta za watoto alitupa jibu bora kuliko yote ya sokoni. Glavu ya sufu ndani, juu yake glavu ya mpira ya kufulia, kubwa kidogo. Sufu inaleta joto, mpira unazuia mvua na upepo. Haipendezi hata kidogo.

Tuliondoka Kibati asubuhi pamoja na walinzi na wapagazi. Mwanzoni ni msitu, jasho, kelele za vijana. Baadaye njia inapita juu ya mawe ya lava ya 2002, makali kama chupa iliyovunjika, yanayogeuka chini ya mguu. Hapo glavu zilianza kazi kabla ya baridi, kwa maana kila aliyeteleza alijishika kwa viganja. Mvua ikatukuta katikati. Binti mmoja wa miaka kumi na sita alikuwa na glavu za pamba, nzuri, za kwenda kanisani. Tulipofika kwenye vibanda vya juu, baada ya saa tano hivi, alishindwa kufungua zipu ya koti lake. Vidole vilikuwa vyeupe, na hakulalamika. Ukimya wake ndio uliotushtua. Mama mmoja aliiweka mikono ile kwapani mwake mwenyewe, chini ya sweta, akakaa hivyo mpaka binti akaanza kulia kwa maumivu ya damu kurudi. Usiisugue mikono ya namna hiyo, wala usiipeleke kwenye makaa: vidole vilivyokufa ganzi havijui vinapoungua.

Usiku tulisimama wote ukingoni tukiangalia ziwa la moto likipasuka na kujifunga. Yule binti alikuwa amevaa mpira wa kufulia wa rangi ya njano.

Mlima ule hatuwezi kuwaambia mpande leo, baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021 na vita. Lakini glavu bado zina kazi. Kaka zao wanaendesha moto alfajiri kuelekea Sake, na wanaotumwa Masisi wanakutana na baridi ya vilima. Mkishazinunua, zifueni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mzikamue bila kuzisokota, mzianike kivulini vidole vikiangalia juu. Msizikaushe juu ya jiko la makala. Ile pamba ya plastiki ya ndani huyeyuka.