Tulipohojiwa kwa Kazi ya Michezo ya Simu

Wazazi wengi wa mwambao wamezoea kumwona mtoto ameinamia simu akicheza, na neno la kwanza liwatokalo ni, "Weka hiyo, ukasome." Ni wachache watambuao kwamba nyuma ya mchezo ule mna ajira: yupo achoraye, yupo aandikaye programu, yupo apimaye ugumu wa kila hatua, na yupo ahesabuye mapato. Mchezo wa Candy Crush Saga ulitoka mwaka 2012, na mnamo 2016 kampuni iliyoubuni, King, ilinunuliwa kwa dola bilioni 5.9. Katika biashara hiyo ndimo tulimoomba kazi, sisi mabinti watatu wa Mombasa, baada ya kuhitimu masomo ya kompyuta.

Jina la kampuni tunalisitiri. Kusudi letu ni kuwapa wadogo zetu na wazazi wao habari za mahojiano yale, ili atakayetufuata aende amejiandaa.

Hatua ya kwanza ilikuwa mazungumzo ya simu ya nusu saa. Tuliulizwa ni michezo ipi tuichezayo, na kwa nini mchezaji huuacha mchezo siku ya pili asirudi tena. Hatua ya pili ilikuwa kazi ya majaribio, ya kufanyia nyumbani kwa siku saba bila malipo: kubuni mchezo mdogo wenye hatua kumi. Tuliifanya usiku, vyombo vikiisha kuoshwa na watoto wamelala. Mmoja wetu alibuni mchezo wa bao, kwa kuwa ndio aliouona barazani kwa babu yake tangu utotoni, na wahojaji waliusifu sana.

Hatua ya tatu tuliitwa ofisini, kila mmoja kwa zamu yake, mbele ya watu wanne. Tulipoomba nafasi ya kuswali adhuhuri tulipewa chumba, wala hakuna aliyenung'unika. Hata hivyo, mmoja wetu aliulizwa iwapo anatarajia kuolewa karibuni. Akajibu kwa upole, "Kaka, niulize kuhusu kazi, nitakujibu." Ni vyema mabinti wajue kwamba kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, mavazi, ndoa au ujauzito, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humlinda hata yule ambaye bado anaomba kazi.

Swali lililotuelemea lilikuja mwisho. Michezo hii aghalabu hutolewa bure. Wachezaji wengi hawalipi hata senti, na mapato hutoka kwa wachache walipao. Tulitakiwa tueleze namna ya kubuni kisanduku ambacho mchezaji hukinunua kwa fedha halisi bila kujua kilichomo: huenda akapata silaha adimu, huenda akapata kitu duni, kisha akanunua kingine. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kamari nchini Ubelgiji walitangaza kwamba visanduku vya namna hii, katika baadhi ya michezo mashuhuri, vilivunja sheria yao ya kamari. Nasi tuliona hivyo hivyo.

Mwenzetu wa mchezo wa bao alisema, "Nitauza mavazi ya wahusika, nitauza hatua mpya, mradi mnunuzi ajue anunuacho. Kumuuzia mtoto bahati, hilo sitaliweza." Nyumbani kwao mshahara ule ulikuwa ukingojewa kwa karo ya wadogo zake wawili. Wiki sita zilipita bila jibu, la kheri wala la shari. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, riziki haina mlango mmoja." Hadi leo anafundisha kompyuta jioni, na karo hulipwa kidogo kidogo.

Wa pili aliandikiwa kwamba hakufaulu. Wa tatu, aliye mchoraji, alipewa kazi. Tulishauriana siku tatu kabla hajatia sahihi: je, achoraye miti na nyumba ndani ya mchezo wenye kisanduku, hana fungu katika kisanduku hicho? Aliomba awekwe katika mchezo wa hesabu wa watoto, usio na visanduku, na ombi hilo liandikwe katika mkataba. Wakakubali.

Kwa hivyo, binti uendaye kuhojiwa, uliza mapema kazi ya majaribio itachukua saa ngapi na itamilikiwa na nani. Uliza pia fedha za mchezo zinatoka wapi, nawe uwe umekwisha kuamua utakalolikubali na utakalolikataa. Nanyi wazazi, keti na mtoto japo robo saa, akuonyeshe ni kitu gani kinachouzwa ndani ya mchezo wake.