MUHURI JUU YA MSINGI



Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na kibao.

Wengi wenu mnanijua kama Pasta. Ni wachache wa zamani pale Kibera wanaokumbuka kwamba kabla sijaenda chuo cha Biblia nilikuwa mchoraji wa vibao. Vinyozi, bucha, kliniki, shule za mabati kuanzia Makina hadi Laini Saba, nimechora. Nilikuwa na mikebe ya rangi, brashi tatu, chaki na uzi wa kunyooshea mistari. Kila nilipomaliza kazi niliandika pembeni, kwa herufi ndogo, jina langu na namba ya simu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata kazi nyingine.

Mwishoni mwa mwaka wa 2003 mtu mmoja alinijia. Alitaka kibao cha kampuni ya ujenzi, akiweke kando ya barabara kule Kawangware. Nikamchorea ghorofa refu lenye madirisha ya buluu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amewahi kujenga hata ghorofa moja. Halafu akaniambia, "Andika hapo chini kwamba tumesajiliwa na serikali."

Nikamuuliza kama kweli wamesajiliwa.

Akacheka. "Wewe ni mchoraji ama ni polisi?"

Mimi pia nikacheka, nikaandika. Alinilipa shilingi 1,500, na jioni hiyo tulikula nyama nyumbani.

Mpendwa, nilijua. Naomba ulishike hilo. Sikudanganywa. Nilijua, na mkono wangu ukaandika.

Mwaka uliofuata, katika mvua za Aprili, mama mmoja alifika kibandani kwangu na matope hadi magotini. Akaniuliza, "Ni wewe ulichora kile kibao?" Nikasema ndiyo, nikidhani ameniletea kazi. Akaketi juu ya mkebe wa rangi, akanieleza polepole. Alikuwa amempa yule mtu pesa za chama na za ng'ombe aliyeuzwa nyumbani kwao, shilingi 60,000, amjengee vyumba viwili vya mawe vya kupangisha. Msingi ulichimbwa futi moja tu. Simiti ilikuwa ya kuonja. Usiku mvua ikanyesha, ukuta ukalala chini. Mungu alisaidia hakuna mpangaji aliyekuwa ameingia.

"Mwenyewe hapatikani kwa simu," akasema. "Namba yako ndiyo iliyoshika." Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Kijana wangu, mimi sikusoma sana. Lakini niliona ile picha, nikaambiwa pameandikwa serikali, nikasema hawa ni watu."

Unajua nilimjibu nini? "Mama, mimi nilichora tu."

Akainuka, akaenda.

Kwa nini nakuambia haya leo? Kwa sababu mwezi uliopita vijana watatu wa kanisa letu walikuja nyumbani. Ni mafundi, wawili wa Kawangware na mmoja wa Kibera. Wameunda kampuni, na mtu fulani amewaambia Pasta alikuwa mchoraji. "Pasta, tunataka logo."

Wakanionyesha kwenye simu ile waliyoipenda. Ghorofa thelathini, kofia ya mjengo, nyundo mbili, zote rangi ya dhahabu. Chini yake: "Tangu 1998." Nikamuuliza mkubwa wao alizaliwa lini. Akasema 1997. Tulicheka hadi mama watoto akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Lakini moyoni nilikuwa nimemwona yule mama kwenye mkebe wa rangi.

Nikawaambia, vijana wangu, sisi watu wa Kibera tunaijua nguvu ya alama. Ukiamka asubuhi ukute X nyekundu mlangoni, huhitaji barua. Waulize waliobomolewa Julai 2018, wakati wa ile barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Alama inasema neno moja, na mtu anapanga maisha yake kulingana na neno hilo. Nembo yenu pia ni neno. Swali ni, je, ni neno la kweli?

Tazama mifuko ya simiti dukani. Mzee asiyejua kusoma anaomba ile ya simba, anaonyeshwa simba, anaridhika. Kampuni ya East African Portland Cement, iliyoanza mwaka wa 1933, inajulikana kwa pembetatu ya buluu. Ukivuka mpaka hadi Dar es Salaam utakuta twiga. Je, pembetatu inashikilia ukuta? Hapana. Ni pembetatu tu. Watu walijengea simiti yake mwaka baada ya mwaka, wakaona kuta zimesimama, ndipo picha ikapata maana. Kazi ndiyo inayoijaza nembo. Nembo haiwezi kuijaza kazi.

Basi tukaanza upya. Niliwauliza, "Kwa kweli mnajenga nini?" Vyumba vya mawe vya kupangisha. Vyoo. Kuezeka mabati. Kuziba nyufa. "Na ni kifaa gani hamwezi kufanya kazi bila hicho?" Yule mdogo, ambaye haongei sana, akatia mkono mfukoni akatoa timazi, kile kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili ukuta usiegemee upande.

Nikanyamaza kidogo. Soma Amosi sura ya 7, mpendwa. Nabii anamwona Bwana amesimama karibu na ukuta, na mkononi ana timazi. Ukuta haubishani na timazi. Ukipinda, umepinda.

Hiyo ndiyo ikawa nembo: mstari mmoja ulionyooka na uzito chini yake. Hakuna ghorofa, hakuna dhahabu. Herufi nene, rangi nyeusi juu ya manjano ili mtu aliye ndani ya matatu ya 46 aisome kabla gari halijapita. Tuliichora ikiwa ndogo kama sarafu ya shilingi 20, kwa maana itakaa kwenye muhuri wa risiti na kwenye picha ndogo ya WhatsApp. Tukaikata kwenye karatasi ngumu, waweze kuipiga rangi kwenye wilbaro na mgongoni mwa koti la kazi. Nembo inayohitaji rangi sita na maelezo marefu haitadumu kwenye mjengo. Vumbi litaifuta. Na mahali popote itakapoonekana, iwe ile ile. Leo manjano, kesho kijani, mteja atadhani ni watu wengine.

Mmoja akasema, "Pasta, tuweke msalaba katikati, watu watuamini." Nikamwambia hapana, mwanangu. Msalaba si chambo cha kuvutia wateja. Kuna amri inayokataza kulitumia jina la Bwana bure, na hiyo haihusu matusi peke yake. Mteja akiona msalaba kwenye risiti na ufa kwenye ukuta, hatasema fundi ni mwongo. Atasema wokovu ni uongo. Wacha aulize mwenyewe kwa nini ukuta wenu umenyooka, ndipo umwambie.

Mwingine alitaka ngao ya taifa. Nikamweleza kwamba sheria hairuhusu kutumia nembo ya serikali kwenye biashara bila ruhusa.

Halafu likaja lile swali. Mkubwa wao akasema, "Hapo chini tuandike tumesajiliwa na NCA."

Mkono wangu ulisimama. Miaka zaidi ya 20, na neno ni lile lile.

"Mmesajiliwa?"

"Tumeanza kushughulikia, Pasta."

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi huwapanga wakandarasi katika ngazi 8, na ya 8 ndiyo ya chini kabisa. Hapo ndipo wanapotaka kuanzia, na si aibu. Aibu ni kusema umefika kabla hujaondoka. Nikawaambia, "Hapo chini tuache wazi. Siku mtakapopata cheti, mniite nije na brashi yangu."

Walitazamana. Kibao chenye nafasi tupu hakipendezi, na najua walifikiria wateja watakaoenda kwa jirani mwenye maneno mengi. Mmoja wao ana mtoto mchanga. Lakini walikubali.

Sasa tusikie Neno. Katika 2 Timotheo 2:19 Paulo anasema msingi wa Mungu umesimama imara, na msingi huo una muhuri. Muhuri wenyewe una maneno mawili: kwamba Bwana anawajua walio wake, na kwamba kila alitajaye jina la Bwana aache uovu. Umeona muhuri umewekwa wapi? Hauko juu ya paa, wala kando ya barabara. Uko kwenye msingi, mahali panapofukiwa udongo, ambapo mteja haoni. Mungu anaweka nembo yake mahali ambapo yule mtu wa 2003 alichimba futi moja.

Mpendwa, wewe pia una kibao. Kuna aya kwenye wasifu wako wa simu. Kuna stika nyuma ya gari. Kuna "mtumishi" mbele ya jina lako. Hebu ning'iniza timazi hapo. Umeandika nini ambacho bado hakijakuwa kweli? Kifute. Acha nafasi tupu. Nafasi tupu iliyo ya kweli inamheshimu Mungu kuliko sifa iliyojaa uongo.

Na usiseme kama mimi, "Nilichora tu." Karani, ulipiga muhuri tu? Dereva, ulibeba tu? Jina lako liko pembeni ya ile kazi kwa herufi ndogo, na kuna mtu atakayelisoma.

Nilipookoka nilirudi Kawangware kumtafuta yule mama. Ploti ilikuwa imeuzwa. Majirani walisema alirudi mashambani, hawakujua wapi. Sijampata mpaka leo. Vijana waliponiuliza wanilipe ngapi, niliwaambia kila mwaka wamjengee mjane mmoja ukuta bila malipo. Hilo halilipi deni langu, najua.

Mama, kama wewe au mtoto wako mnasoma hapa, nilikosa. Naomba unisamehe. Namba yangu ni ile ile iliyokuwa kwenye kibao.

Tuombe. Baba, tunyooshe kwa timazi lako. Futa kwetu kila neno tulilojiandikia wenyewe, na utupe msingi unaostahili muhuri wako. Katika jina la Yesu. Amina.

Ubarikiwe. Tuonane Jumapili.